Mwisho wa Hadithi ni wa Nani?

Ndugu msomaji, liko swali ambalo wengi hulidhania kuwa la kitoto, nalo si la kitoto hata kidogo. Mtu akisimulia hadithi ndefu, wasikilizaji wakamfuata kwa miaka, kisha mwisho wake ukaja mbovu, je, wasikilizaji hao wana haki gani? Wana haki ya kumdai msimulizi mwisho mwingine? Wana ruhusa ya kuutunga wenyewe? Au linalowapasa ni kunyamaza na kuondoka na uchungu wao, kwa kuwa hadithi ni mali ya aliyeitunga?

Tumelileta swali hili kwa ajili ya tukio la mwaka 2012, lililozuka baina ya kampuni moja ya Kanada na wateja wake wa dunia nzima, ambalo vijana wengi wanalijua na wazee wengi hawajapata kulisikia. Ni habari ya mchezo wa video. Asije msomaji wa umri wangu akafunga ukurasa kwa kuona neno "mchezo". Michezo ya siku hizi mingine ni hadithi ndefu kuliko vitabu vingi. Ina watu wake, vita vyake, mapenzi yake na misiba yake, na anayeicheza ndiye anayemwongoza shujaa, akimchagulia maneno ya kusema na njia ya kushika.

Kampuni hiyo ni BioWare, yenye makao yake katika mji wa Edmonton. Mwezi wa Novemba 2007 ilitoa mchezo uitwao Mass Effect. Fungu la pili likafuata Januari 2010, na la tatu, ambalo ndilo la kumalizia, likatoka Machi 2012. Hadithi yenyewe ni ya kubuni, ya zama zijazo: binadamu wamekwisha kufika kwenye nyota za mbali na kuchanganyika na viumbe wengine wenye akili. Shujaa ni askari aitwaye Shepard, na adui ni mashine kubwa mno zenye akili, ziitwazo Wavunaji. Kila baada ya miaka 50,000 Wavunaji hutoka katika giza la anga, huwamaliza viumbe wote waliofikia ustaarabu wa juu, kisha hurudi walikotoka na kuwaacha wale wachanga wakue, mpaka zamu yao nao ifike.

Lililoutofautisha mchezo huu na mingine ni kwamba kompyuta iliyahifadhi matendo ya mchezaji kutoka fungu hadi fungu. Katika fungu la kwanza, kwenye sayari ya Virmire, askari wawili wa Shepard wako katika hatari pahala pawili mbalimbali, na anaweza kumwokoa mmoja tu. Yule anayeachwa hufa, na katika mafungu mawili yanayofuata hayupo tena. Mchezaji aliyemwokoa Ashley ana hadithi yake, na aliyemwokoa Kaidan ana yake. Ziko hukumu nyingi za namna hiyo, kubwa na ndogo, na watengenezaji walizidi kuwaambia watu: kila ufanyalo lina uzito, na litarudi kwako mbele ya safari.

Basi watu wakaishika kauli hiyo. Si ajabu kwa mtu kutumia saa mia na zaidi katika mafungu hayo matatu. Fungu la tatu nalo, kwa sehemu yake kubwa, lilitimiza ahadi. Wako viumbe waitwao krogan, waliotiwa ugonjwa wa makusudi ili watoto wao wengi wasizaliwe hai, kwa kuwa wenzao waliogopa wingi wao na vita vyao. Daktari mmoja mzee aitwaye Mordin, ambaye siku za nyuma alishiriki katika kuuimarisha ugonjwa huo, huweza kupanda mnara unaowaka moto ili aisambaze dawa, naye hufia humo. Yakitokea hayo, mchezaji anajua yametokea kwa sababu ya mambo aliyoyachagua yeye. Kadhalika wako quarian, waliounda mashine za kuwatumikia ziitwazo geth. Siku moja mashine zikaanza kuuliza kama zina roho, waundaji wakaingiwa na hofu wakataka kuziangamiza, zikawashinda na kuwafukuza katika sayari yao. Quarian wakaishi ndani ya vyombo vya angani kwa karibu miaka 300. Mchezaji aliyetenda inavyostahiki tangu mwanzo anaweza kuwapatanisha, na wote wawili, muundaji na kilichoundwa, wakakaa pamoja katika nchi ile ile waliyoipigania.

Nimeyaeleza haya kwa urefu makusudi, kwa sababu bila ya kuyajua, ghadhabu iliyofuata itaonekana ni upuuzi wa watu waliokosa kazi.

Mwishoni kabisa Shepard, amejeruhiwa na anatiririka damu, hufikishwa mbele ya kiumbe mwenye sura ya mtoto. Mtoto huyu ndiye bwana wa Wavunaji. Humwambia kwamba viumbe wenye mwili daima wataunda mashine, na mashine daima zitawaasi waundaji wao na kuwaangamiza. Kwa hiyo mavuno yale ya kila miaka 50,000 ni namna ya kuuhifadhi uhai. Kisha humpa njia tatu: kuziangamiza mashine zote, kuwatawala Wavunaji, au kuchanganya mwili na mashine katika viumbe vyote. Mchezaji huchagua, miale hutoka na kuenea angani, nyekundu au buluu au kijani, na milango mikubwa iliyokuwa ikiunganisha nyota na nyota huvunjika. Chombo cha Shepard huonekana kimeanguka katika sayari isiyojulikana, na baadhi ya wenzake wanatoka ndani yake. Hadithi ikaishia hapo. Picha za njia zote tatu zilikuwa karibu ni zile zile, isipokuwa rangi.

Nilimwomba kijana mmoja wa jamaa zetu anionyeshe sehemu hiyo, kwani sipendi kuhukumu nisilolitazama. Alinionyesha ile amani ya quarian na geth kwanza, kisha akanionyesha mtoto yule akisema kwamba mwili na mashine haviwezi kupatana. Akaniuliza, "Babu, si umeona wamepatana sasa hivi? Mbona Shepard hamwambii?" Sikuwa na jibu la kumpa, wala wachezaji duniani hawakulipata. Katika mchezo ambao mtu amepewa maneno ya kuchagua kwa saa mia, pale palipokuwa na hoja ya kusema hapakuwa na neno la kuchagua.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye kiini cha jambo lote. Wako waliosema kwamba wachezaji walikasirika kwa kuwa shujaa anakufa, na kwamba watu wa siku hizi hawawezi kustahimili huzuni. Hilo si kweli. Watu hao hao walimlilia Mordin, na hawakuandika barua kutaka arudishwe, kwa sababu kifo chake kilikuwa na maana na kilitokana na yaliyotangulia. Wachezaji hawakulilia furaha, walililia hesabu. Mtu aliyeambiwa kwamba kila kitendo chake kimeandikwa, akaenda miaka mitano kwa tahadhari, huyu akamwokoa na yule akamsamehe, kisha siku ya mwisho daftari lisifunguliwe kabisa, lazima aone amedhulumiwa. Hajali sana kama ametoka na faida au hasara. Alitaka kusomewa.

Huenda mtu akasema: hii ni hadithi tu, ya kubuni, hakuna aliyeokolewa wala aliyekufa. Naam, lakini ahadi iliyotolewa juu ya hadithi haikuwa ya kubuni. Casey Hudson, aliyeuongoza mradi huo, alisema katika mahojiano kabla mchezo haujatoka kwamba mwisho wake hautakuwa wa kuhesabika kwa herufi, mtu aseme amepata A, au B, au C. Watu walinunua kwa kuliamini neno hilo, na sote tunaijua methali ya Waswahili kuhusu ahadi na deni. Msimulizi ana uhuru mpana sana ndani ya hadithi yake. Nje ya hadithi, anaposimama sokoni kuisifu bidhaa yake, yeye ni mfanyabiashara kama wengine, na mizani yake ni ile ile ya muuza mchele.

Lakini tusiende mbio. Kuthibiti kwa deni ni jambo moja, na namna ya kulidai ni jambo jingine. Wachezaji walilidai kwa njia za kila namna, nyingine za kupendeza na nyingine za kuchusha. Mmoja wao alipeleka mashtaka kwenye tume ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia haki za biashara, na wapo wengi waliomcheka kwa hilo. Wengine walichanga fedha wakanunua vikeki vidogo 402 na kuvipeleka katika ofisi ya BioWare. Vilipambwa kwa rangi tatu, nyekundu, buluu na kijani, na vyote vilikuwa na ladha moja! Katika madai yote niliyoyasoma sijaona hoja iliyokwenda moja kwa moja kwenye shabaha kama hiyo, na haikumtukana mtu. Wenyewe wa BioWare walivipeleka vikeki hivyo kwenye kituo cha kuwahifadhi vijana mjini humo.

Kundi jingine lilikusanya zaidi ya dola 80,000 kwa taasisi iitwayo Child's Play, ambayo huwapelekea watoto waliolazwa hospitali vitu vya kuchezea. Nia ilikuwa kuonyesha kwamba wanaolalamika si wahuni. Haikuchukua siku nyingi taasisi yenyewe ikaomba michango isimamishwe, kwa sababu baadhi ya waliotoa walidhani fedha zao zinalipia mwisho mpya wa mchezo. Hilo linafaa kuzingatiwa. Sadaka inapotundikwa juu ya madai, mtoaji mwenyewe huishia kutojua ametoa nini: amemsaidia mgonjwa, au amenunua kitu ambacho hakijafika? Wale watoto walifaidika, na hilo ni jema, lakini waliohusika walifanya vyema kulikata.

Ama waliowatukana watengenezaji na kuwatakia mabaya, hao hawana hoja ya kujibiwa.

Tarehe 21 Machi 2012 daktari Ray Muzyka, mmoja wa waasisi wa kampuni, aliandika kwa wachezaji. Ni daktari kweli, wa tiba. Aliisomea kabla ya kuingia katika kazi ya michezo. Alisema kwamba wamesikia, kwamba wanaiheshimu kazi ya wenzao walioitunga hadithi, na kwamba watatafuta njia ya kuwajibu watu bila ya kuivunja kazi hiyo. Juni 26 mwaka huo huo ikatoka nyongeza, bila ya malipo. Nyongeza hiyo haikuubadilisha mwisho. Mtoto yule yumo, njia tatu zimo. Kilichoongezwa ni maelezo: jinsi wenzake Shepard walivyorudi katika chombo, milango ile imeharibika kiasi gani, krogan wamekuwaje, quarian wamekuwaje, nani amesalimika na nani amezikwa. Ikaongezwa na njia ya nne, ya kumkatalia mtoto na kuzikataa njia zake zote.

Nami nasema kwamba hilo ndilo malipo yaliyokuwa yakidaiwa. Deni la msimulizi kwa wasikilizaji wake lilikuwa hesabu, na hesabu ikaletwa, ijapokuwa kwa kuchelewa na kwa ufupi. Lau wangeufuta mwisho wao na kuandika mwingine kwa sababu ya kelele, wasingekuwa wamelipa deni. Wangekuwa wametia sahihi neno wasiloliamini. Na msomaji makini angeuliza: mwisho huu wa pili ni wa nani basi? Wa mtunzi, au wa waliomzingira?

Mambo haya hayakuanza na kompyuta. Mwaka 1893 mwandishi wa Uingereza Arthur Conan Doyle, amechoka na mpelelezi wake Sherlock Holmes, alimtupa katika maporomoko ya maji ya Reichenbach nchini Uswisi. Wasomaji walighadhibika mno. Mwaka 1901 akaanza kuwapa hadithi nyingine ya Holmes, lakini ya kabla ya kifo chake. Na mwaka 1903 akamfufua kabisa, kwa maelezo kwamba kumbe hakuanguka. Tazama basi mwenye mali mwenyewe alivyogeuza kalamu yake. Watu walifurahi, na hadithi nyingi nzuri zikapatikana. Walakini anayezisoma zote kwa mfuatano anaona kwamba kile kifo kilikuwa kimeandikwa na mtu aliyekusudia, na ule ufufuo na mtu aliyeombwa.

Turudi kwa wachezaji wetu, kwani wako ambao hawakusubiri nyongeza. Kwa macho ya mtu aliyekaa miaka mbele ya vitabu, hao ndio wanaostaajabisha zaidi, na wamegawanyika mafungu mawili.

Fungu la kwanza lilisema: mwisho ule haukuwa mwisho. Katika hadithi, Wavunaji wana uwezo wa kuiteka akili ya anayekaa karibu nao, taratibu, hata akadhani mawazo yao ni yake. Basi wachezaji hao wakasema kwamba Shepard, baada ya kuangushwa na mwale wa Mvunaji mjini London, hakwenda popote; yote yaliyofuata ni ndoto, ni vita ndani ya kichwa chake. Wakaleta dalili zao. Mtoto yule, anapoonekana mara ya kwanza mwanzoni mwa fungu la tatu, hakuna mtu mwingine anayesema naye. Miti na vivuli vya katika ndoto za Shepard vinaonekana tena njiani baada ya kuanguka kwake. Rangi nazo zimepinduliwa: buluu, ambayo tangu mwanzo ni alama ya njia ya upole na uungwana, imewekewa kuwatawala Wavunaji, jambo ambalo adui alilitaka, na nyekundu imewekewa kuwaangamiza, jambo ambalo kamanda mwema Anderson alilitaka. Na iliyo nzito zaidi: anayechagua kuangamiza, akiwa amejiandaa vya kutosha, huonyeshwa mwishoni mwili uliovaa deraya ya Shepard, umelala katikati ya kifusi, unavuta pumzi. Kifusi hicho, wakasema, ni cha London. Ameamka.

Sisi tuliosomeshwa vitabu vya zamani mstari kwa mstari, mwalimu mbele yetu, tunaitambua kazi hii. Ni taawili: kulichukua neno kutoka katika maana yake iliyo dhahiri na kulipeleka kwenye maana iliyofichika. Kanuni tuliyofundishwa ni kwamba neno hubaki katika dhahiri yake mpaka ipatikane dalili ya kuligeuza, na kwamba kutamani kwa msomaji si dalili. Sasa vijana hawa wamefanya nini? Dalili wanazo, siwezi kuwanyima haki hiyo; wamekitazama kitu chao kwa makini kuliko wanafunzi wengi wanavyotazama vitabu vyao. Lakini wao ni mashahidi wenye maslahi. Wangeiona miti ile kama wangekuwa wameridhika na mwisho? Sidhani. Walianza na hukumu kisha wakatafuta ushahidi. Ilipotoka nyongeza ikaonyesha maisha ya watu baada ya kila njia, dhahiri ilizidi kupata nguvu, na waliobaki na taawili yao ikawabidi waseme kwamba hata nyongeza ni ndoto. Taawili ikifika hapo haina tena kitu kinachoweza kuipinga, na kwa sababu hiyo haithibitishi kitu.

Hata hivyo, fikra hiyo ni nzuri. Maana yake ni kwamba aliyekuwa akijaribiwa hakuwa Shepard peke yake, bali yule aliyekaa kitini na kuchagua buluu kwa kuwa amezoea kuamini kwamba buluu ni wema. Mwisho wa namna hiyo ungekuwa na hesabu kali kuliko zote. Naona unapita ule uliosimuliwa, na kwa hiyo hasa yafaa uitwe kwa jina la waliouzua, asibambikwe nao mtu ambaye hakuufikiria.

Fungu la pili lilifanya lililo wazi zaidi. Mchezaji mmoja mwenye ujuzi wa kompyuta alitengeneza programu ambayo mtu huiweka juu ya mchezo wake mwenyewe nyumbani, na mwisho ukabadilika. Mtoto yule haonekani kabisa. Silaha inafanya kazi iliyoundwa kwayo, Wavunaji wanaanguka, na Shepard anaungana na wenzake. Anderson hafufuki, anabaki amekufa, na wanamwomboleza. Nililipenda jambo hilo moja. Huyu hakutaka dunia isiyokuwa na hasara. Aliondoa alichokiona si haki, akaliacha lililokuwa la haki likiuma kama lilivyo. Na aliyoyafanya hakuyaita kazi ya BioWare. Aliyaita yake, akayatoa bure, anayetaka achukue.

Katika vitabu vyetu vya chuoni, maandishi ya asili hukaa katikati ya ukurasa, na maelezo ya waliokuja baadaye hukaa pambizoni, mara nyingine kwa herufi ndogo zilizojibana pande zote. Pambizo huweza kupinga, kusahihisha, kuongeza, hata kumwambia mtungaji kwamba amesahau. Mwanafunzi husoma yote mawili na huwa amefaidika na yote mawili. Sharti ni moja tu, kwamba mstari baina ya katikati na pambizo uonekane. Programu ile ni pambizo. Hadithi nyingi ambazo wachezaji wameziandika kwa mikono yao, kila mmoja na mwisho wake, ni pambizo. Sioni dhambi ndani yake, wala dharau kwa mtunzi; kitabu kisicho na maandishi pambizoni mara nyingi ni kitabu ambacho hakuna aliyekipenda.

Huenda mtu akauliza, madhara yako wapi basi? Yako pale pambizo inapoingia katikati. Mwaka 1681 mshairi wa Uingereza aitwaye Nahum Tate aliuchukua mchezo wa Shakespeare wa mfalme Lear, ambao mwishoni binti mwema Cordelia hunyongwa na baba yake hufa kwa majonzi, akaugeuza: Cordelia anaishi na anaolewa, na mfalme anarudishiwa ufalme wake. Tate hakuficha, jina lake lilikuwa kwenye kitabu. Lakini watazamaji waliupenda mno, hata majukwaa ya Uingereza yakaonyesha mwisho wa Tate kwa muda wa karibu miaka 150, mpaka mwigizaji Macready alipourudisha mchezo wa Shakespeare mwaka 1838. Vitabu vilikuwapo kwa anayejua kusoma. Asiyejua kusoma alizaliwa, akaenda kwenye maonyesho, akazeeka na akafa, akiamini kwamba Cordelia alipona. Aliupata mwisho wa furaha, lakini hakuna aliyemuuliza kama anautaka kwa bei hiyo.

Mwaka 2021 BioWare ilitoa upya mafungu yote matatu kwa pamoja, yamesafishwa picha na sauti. Mwisho ni ule ule wa mwaka 2012 pamoja na nyongeza yake, hawakuubadilisha. Wachezaji nao hawakukawia kuitengeneza tena programu ya kuubadilisha, ili ikae juu ya toleo hilo jipya. Kila upande umebaki na kazi yake, na anayenunua leo anajua kipi ni kipi.

Liko jambo dogo ambalo kijana wangu alinionyesha baada ya majina ya watengenezaji kupita, wakati wengi wamekwisha kuzima na kwenda zao. Ni theluji na miti, na mzee amesimama na mtoto mdogo, usiku, chini ya nyota. Sauti ya mzee huyo ni ya Buzz Aldrin, yule yule aliyetembea juu ya mwezi mwaka 1969. Inafahamika kwamba yote tuliyoyaona ni hadithi anayomsimulia mtoto, na kwamba yalitokea zamani sana. Mzee anakiri kwamba baadhi ya mambo yamepotea kwa kupita miaka. Mtoto hamwulizi ni yepi. Anamwomba amsimulie nyingine ya Shepard, na mzee, ijapokuwa usiku umekwenda, anakubali.